Namba za Miguu

Alama za mechi waliziandika wengine.
Daftari la Kocha Bwarali, lile la jalada la buluu,
lilikuwa na majina yetu upande wa kushoto
na upande wa kulia namba za miguu.
Nyevu, thalathini na sita.
Mkamburi, arubaini, kidole gumba kinamuuma.
Mimi, thalathini na saba, kisha alama ya kuuliza.

Nilimdanganya siku ya kwanza, pale Mikindani,
kwenye simiti iliyopasuka chini ya ubao.
Raba nilizovaa zilikuwa za dada yangu,
na thalathini na saba ndiyo iliyoandikwa chini.
Mguu wangu ulikuwa thalathini na tisa.
Nikiruka, nikitua, nakunja vidole
kama mtu aokotaye shilingi kwa siri.

Hakuniita mwongo.
Alisema tu, "Wewe unatua kama paka kwenye bati la moto,"
wakacheka wote, nami nikacheka.
Jumamosi ile akaenda Kongowea
(haya alinambia mkewe, Bi Mwanamkasi, miaka mingi baadaye)
akafika marobota ya mitumba yakifunguliwa,
akapindua viatu kimoja kimoja
kama mama akaguaye nazi: atikisa, asikiliza.

Jumatatu palikuwa na mfuko juu ya benchi.
Ndani, raba nyeupe zilizosuguliwa kwa mswaki,
hata kamba zanuka sabuni ya mche.
"Hizi zimenikosea. Zisipokutosha mpe mwengine."
Zilinitosha.
Nikasikia kidole changu kikinyooka.
Naye, mwezi mzima, akawa anakuja kwa miguu
kutoka Magongo, na ndara zake.
Tukadhani ameanza kupunguza kitambi.

Sitaki kumfanya malaika.
Alikuwa na mdomo. Ukikosa pasi ya wazi
kofia yaenda chini, na mababu zake wote wanatajwa.
Na mechi nyingi tulishindwa.
Shule moja ya ng'ambo ya kivuko
ilitufunga sitini kwa kumi na moja.
Akatununulia viazi vya karai, tukala kimya,
kisha akauliza:
"Yule msichana wao aliyeanguka, nani alimwinua?"
Dzame akainua mkono uliojaa ukwaju.
"Muongezeni Dzame viazi."
Hakusema jengine njia nzima.

Juzi nilikwenda kumtazama.
Sukari imempunguza. Mguu wa kulia
wameukata chini ya goti, mwezi wa Rajabu.
Nilikuwa nimeyapanga maneno;
nilipofika nikabaki nimeshika mfuko wa machungwa
kama mpira ambao sijui nimpe nani.
Yeye ndiye aliyeanza.
"Mwanangu, una mtu wa arubaini na tatu,
mguu wa kulia tu? Nina kiatu kizima kimekaa bure."
Akacheka mpaka Bi Mwanamkasi akamkemea.

Kisha akavuta daftari chini ya mto.
La kijani sasa.
Majina nisiyoyajua: Nuhu, Mbeyu, Kassim wa Jomvu,
mwandiko ukitetemeka, namba zikipanda na kushuka.
Mbele ya Sidi, thalathini na nane,
alama ya kuuliza.
"Nenda ukamwone," akanambia. "Usimuulize kitu.
Mtazame tu anavyotua."

Nilikwenda Alhamisi, nikakaa nyuma ya wavu.
Sidi kiatu kimempwaya, amekijaza magazeti;
kila akigeuka, hugeuka yeye kwanza,
kiatu kikafuata.

Sasa ni alfajiri, Kongowea, kamba za marobota zinakatwa.
Nimeshika raba, naipindua, naisoma chini.
Thalathini na sita.
"Za mtoto wako?" muuzaji auliza.
Nasema ndiyo,
halafu namwomba apunguze bei.