Ndoo Inayonguruma

Miaka kumi na mmoja nimesugua kwa kitambaa
matufe sitini na manne, kila Jumatatu,
katika ukumbi wa Genadi nyuma ya stesheni, Karaganda.
Biliadi ya huku haina rangirangi:
matufe kumi na matano meupe, mazito,
na moja jekundu kama damu iliyokauka, la kupigia.
Chaki, jasho, moshi,
mafuta ya kondoo kwenye vidole vya wachezaji,
vyote huganda humo, mpaka weupe unakuwa
weupe wa jino la mvuta sigara.

Kifundo cha mkono kikaanza kusema usiku.
Daktari akaniambia, Rauza, pumzika.
Kupumzika hakulipi kodi ya nyumba, nikamjibu,
nikavaa koti.

Bibigul wa ghorofa ya tatu
alikuwa ametupa mashine yake ya kufulia thelujini.
Nikaifungua palepale, vidole vimekufa ganzi,
nikatoka na mota kifuani kama mwizi wa mtoto.
Ndoo ilikuwa ya rangi ya ukuta.
Zulia nililikata kwenye ofisi ya mgodi uliofungwa,
lile la kijani, la chini ya meza ya mkurugenzi,
ambalo baba yangu hakuwahi kulikanyaga.
Nikaligandisha ndani ya ndoo, ukuta na kitako,
gundi ikanilevya mpaka nikaimba.

Jaribio la kwanza:
mota haikujua kwamba haifui tena mashuka.
Namba saba ilitoka ndooni kama iliyotukanwa,
ikapiga chupa la kabichi ya siki, ikapiga kalenda,
ikajilaza chini ya kitanda.
Tulinuka siki wiki nzima, mimi na kalenda.

Basi, koleo likivunjika mhunzi hafungi karakana.
Dauren, mtoto wa dada, akaleta mkanda wa Lada.
Kapi kubwa nililichonga kwa mbao ya mlango wa choo
(choo sasa kina pazia, tumezoea).
Kapi dogo linakimbia, kubwa linajivuta,
na kitako cha ndoo kikazunguka
polepole, kama ng'ombe anayecheua.
Tone la nta. Matufe manane. Kifuniko.
Ngurumo yake si kelele: ni kama
mtu anayehamisha viazi chumba cha pili
na hataki kukuamsha.

Dakika ishirini. Nikafunua.
Jamani.
Nililishika moja nikaona dirisha zima ndani yake,
na mwanamke mwenye pua kubwa mno
ameshika dirisha.

Genadi akapiga mluzi, akasema nitakuongeza,
hakusema lini.
Lakini mzee Ospan, aliyechimba makaa miaka thelathini,
alipoteza michezo mitano mfululizo.
Yanateleza, akafoka, yamekuwa kama samaki!
Mfuko wenyewe ni mwembamba kama mdomo wa bahili,
nawe unayapaka mafuta!
Akataka nimrudishie uchafu wake.
Alisema hivyo hasa: uchafu wangu.

Sikumcheka. Nilijua anachosema.
Namba kumi na moja ina kovu karibu na tarakimu,
dogo, kucha tu ndiyo inayoliona.
Kila Jumatatu kidole changu kilipita hapo, kikasimama kidogo.
Ndoo haisimami.
Inalizungusha na mengine, kovu na pasipo kovu,
na yote yanatoka yakicheka.

Seti ya meza ya nne nimeiacha ilivyo.
Ospan hajui nani ameamua, wala sitamwambia.

Jumatatu hii nimekaa kwenye kigoda karibu na ndoo,
chai ya maziwa inapoa, nje hasi ishirini na nane.
Mashine inahamisha viazi vyake.
Nikatazama mapajani:
mikono yangu miwili, bila kuniuliza,
ilikuwa inasugua hewa,
mviringo, mviringo,
na kidole cha shahada kikasimama kidogo.