Taa ya Kijani, Saa Nane Usiku

Kinasa video cha marehemu kilikaa chini ya runinga
miaka sita, kiziwi, hakina habari na dunia.
Kilijua jambo moja tu: Jumapili, saa sita mchana,
mchezo wa go. Kinaamka, kinanasa, kinalala.
Yoshinari alikiagiza hivyo
na hakuna aliyekwenda kukikataza.

Mizuho akapiga simu kutoka Osaka:
"Mama, kiunge na mtandao, nami nione.
Waya umo kwenye droo ya soksi za baba."
Kweli umo. Wa buluu, umefungwa kwa raba,
na kikaratasi kwa mwandiko wake: mita tano, usitupe.

Nikapiga magoti kama mtafuta sindano.
Matundu saba, vumbi la misimu,
kisha tak! Kama jino linaporudi mahali pake.
Kikadai neno la siri:
herufi kumi na sita, chini ya tumbo la ruta,
nikazisoma kwa lenzi ninayosomea bei za dawa.
Kidole kimoja hakivunji chawa,
ila rimoti haitaki viwili.
Nikakosea. Sifuri si O. Nikakosea tena.
Nje, trekta la kuzoa theluji likapita, likarudi,
likaimaliza Asahikawa nzima
mimi ningali kwenye herufi ya tisa.

Kimeunganishwa.
Neno moja, bila hata hongera.

"Naiona orodha," akasema Mizuho.
"Michezo mia tatu na kumi! Nikufutie?"
Nikamwambia nafasi ipo tele.
Ilibaki asilimia mbili.

Jana niliamka kwenda msalani, saa nane usiku.
Jiko la mafuta limezimwa, runinga imezimwa,
na chini yake taa ya kijani inakonyeza.
Diski inakoroma kidogo,
kama paka aliyepakatwa na mtu nisiyemwona.

Mizuho hajui go.
Hakuwahi kukaa hata dakika kumi
baba yake akimweleza habari za mawe meusi na meupe.
Na huniambia, kila simu, siku hizi analala vizuri.

Nikaketi sakafuni, blanketi mabegani,
nikakaa na ile taa mpaka ilipotulia.
Saa kumi na dakika tano.
Sikupiga simu.

Asubuhi nikafuta vipindi vyangu vya mapishi,
kimoja kimoja, hata kile cha maboga,
Jumapili ipate pa kulala.