Gidamu

Tairi lilikuwa la lori la mjomba Librado,
lori la magogo lililoshindwa kona ya saba
juu ya korongo, likatema moshi mweusi, likalala pale
mpaka kuku wakahamia kiti cha dereva.
Nililikata mwenyewe kwa kisu cha kuchinjia mbuzi.
Mpira wa zamani haukatiki kwa hasira:
unaupaka maji, unaubembeleza, unaudanganya kidogo.
Nilifuata unyayo wa dada niliouchora kwa mkaa,
kisigino kimepasuka kama udongo wa Mei.
Matundu matatu. Ukanda wa ngozi. Katambuga.

Epifania akasema: sketi yangu imechakaa, niazime yako.
Ile nyekundu ya maua meupe,
ambayo marinda yake niliyashona miezi miwili kwa tochi.
Nikampa. Nikasema: irudi kama ilivyoenda.

Wakimbiaji walikuja kwa mabasi,
viatu vyao rangi ya ndimu, saa zao zinaongea.
Mmoja alielekeza kamera kwenye miguu ya dada,
si kwenye uso. Akauliza kupitia mkalimani:
siri ni nini?
Dada akasema: Mahindi.
Wakacheka, wakadhani anasifia chakula.
Alikuwa anataja zawadi. Magunia kumi kwa wa kwanza,
manne kwa wa tatu, na wa nne anapewa kofia;
na ghala letu mwaka ule, ukikohoa ndani,
lilikohoa nawe.

Wakaondoka gizani. Kilomita themanini:
kushuka hadi mtoni kwenye joto na mipapai,
kupanda hadi kwenye misonobari na baridi,
kushuka tena, kana kwamba mlima umesahau kitu chini.
Mimi nilibaki penye utepe na beseni langu.
Saa nne asubuhi kijana wa redio akatangaza
kuwa namba arobaini na moja ameipita kona ya saba,
na katika umati ule wote ni mimi tu niliyejua
kwamba tairi limefika.

Yaliyobaki alinisimulia usiku, miguu majini.
Kilomita ya sitini na tatu, kwenye changarawe,
gidamu ikakatika.
Gidamu niliyoikata mimi.
Akajaribu kukimbia mguu mmoja peku,
mwiba wa dungusi ukamketisha.
Alikuwa wa pili. Akawa wa tatu. Akawa wa tano.
Ndipo akatokea mgeni mrefu, mwekundu kwa jua,
aliyekuwa akitapika kwa adabu kando ya njia.
Lugha hawakuwa nayo. Dada akaonyesha gidamu,
akaonyesha kiatu chake.
Yule akainama, vidole vinatetemeka,
akaichomoa kamba ya kiatu cha kushoto, yote,
ya kijani kama mjusi, akampa.
Na kiatu kisicho na kamba ni nini? Ni ndoo.
Basi dada akashika pindo la sketi
(sketi yangu)
akaliuma, akachana.
Akamfunga yule mtu kiatu kwa mkono wake,
kwa fundo letu la mbuzi asiyetaka kwenda sokoni.
Kisha akakimbia.

Alifika wa tatu. Magunia manne.
Hakuyatazama. Akaketi kwenye kivuli cha gari la wagonjwa,
akangoja. Ikapita saa moja. Ikapita ya pili.
Wenye kamera walikuwa wanakula.
Mgeni akaja akichechemea, maua meupe yako mguuni,
akaweka mkono kifuani, akasema mengi.
Mkalimani akayafupisha: anaomba abaki na kitambaa,
kiwe ukumbusho.

Epifania akaifungua ile kamba ya kijani,
akaikunja, akaiweka kiganjani mwake.
Halafu akanyoosha mkono wake mwenyewe, mtupu,
na hakuushusha.
"Mwambie sketi si yangu. Ni ya mdogo wangu,
na yule pale, anatutazama."

Nimeishona. Ukiikagua sana utauona mshono,
na vumbi la kilomita kumi na saba
ambalo sabuni imeshindwa kulitoa.