Hesabu ya Mahamri

Kilichotangulia kuingia ni kitone chekundu.
Kilipita dakani bila hodi,
kikapanda ukuta wa chokaa, kikavuka zidaka saba,
kikatua pale hasa alipooshewa mama.
Nyuma yake akaja Vae, dalali,
kijana niliyemkopesha mahamri tangu hajui kufunga kikoi.
"Usishtuke, Bi Mwanamize. Ni mashine ya kupimia.
Siku hizi futikamba ni mwanga."

Warithi wako Mombasa, wako Maskati,
mmoja yuko mji wa baridi ambao jina lake halinikai mdomoni.
Watu walioshindwa miaka tisa kukubaliana
nani alipe fundi wa dari,
wamekubaliana kwa siku mbili, kwa simu.

Nikauliza bei. Si kwa kutaka;
kama mtu aulizavyo umri wa maiti.
"Milioni ishirini na nne," akasema,
na sauti akaishusha, nyumba isisikie.

Usiku ule, unga ukiumuka chini ya kitambaa,
niliitia nyumba nzima kwenye karai.
Hamri moja, shilingi kumi.
Siku njema, mia mbili.
Nisile. Nisiugue. Unga nipewe bure, iliki bure,
nazi zianguke zenyewe na zijikune,
Ijumaa nikaange, Idi nikaange:
mahamri milioni mbili na laki nne,
miaka thelathini na mitatu, kasoro mwezi na nusu.
Nikashika tasbihi. Punje thelathini na tatu.
Kila punje, mwaka.
Mimi nina hamsini na minane.
Nikairudisha msumarini.

Na baba, Mungu amrehemu, aliwahi kuletewa nyumba hii hii
kwa elfu arobaini, alipe kidogo kidogo.
Aliingia, akatazama juu, akatoka.
"Ina popo."
Hakuongeza neno.
Kisha tukaipanga, maisha yake yaliyobaki na nusu ya yangu,
tukalala chini ya popo wale wale, kwa kodi.
Sasa mnunuzi, aniambia Vae, amewapenda popo.
Popo wamo kwenye bei.
Mimi simo.

Tulihama kwa punda wanne.
Wa kwanza vitanda, wa pili karai na masufuria,
wa tatu cherehani ya Raya,
wa nne alikataa kutembea, akalipwa vilevile.
Mtaa tuliohamia waitwa Kashimiri,
na haukai mbali na Kandahari.
"Mama," akasema Raya, "tumevuka mipaka bila pasi!"
Nikacheka, kwa sababu mwenye punda alikuwa akitutazama.

Paa la mabati. Mchana joto linaumua unga
kabla sijauamrisha.
Mwezi wa kwanza chumba elfu tatu.
Mwezi wa nne mwenyewe akasimama mlangoni,
viatu mkononi, kwa adabu:
"Itakuwa tano, Bi. Watu wa mjini wanahamia huku.
Soko ndilo lisemalo, si mimi."
Nikageuka niwaone hao watu wa mjini.
Nyuma yangu palikuwa na kivuli changu
na ndoo ya Raya.

Asubuhi yake nilisema kumi na tano.
Sikupanga. Neno lilitoka pamoja na moshi.
Fundi mmoja wa mawe alilipa bila kuinua uso.
Bi Shamsa wa nyumba ya pili akarudisha mkono:
"Kwani kumezidi nini ndani yake?"
Nikafungua kinywa, na kilichojibu hakikuwa changu:
"Soko, dada. Soko ndilo lisemalo."
Akaniangalia kama ninavyomwangalia Vae.

Kisha akaja Famau, mtoto wa nyumba ya kona,
na sarafu yake ya kumi, ile ya kila siku,
imepata moto kwa kufumbatwa.
Nikamwambia.
Hakulia, wala hakuuliza.
Akaitazama sarafu,
akaigeuza,
kama kwamba zile tano zilizopungua
zimejificha upande wa pili.