Saa Moja na Robo

Meza yangu ina droo mbili.
Ya juu ni ya wanaosema ongeza,
ya chini ni ya wanaosema toa,
na ya chini haifungi tangu Kwaresima.

Kila alfajiri, saa kumi na moja na nusu,
Mlima ukiwa bado haujaamua kutoka,
naifungulia Moshi fidla na zeze kubwa,
kinanda, filimbi, kazi za watu wa mbali
waliokufa kabla kahawa haijafika huku.
Hawana maneno. Hilo ndilo kosa lao la kwanza.
"Wanasema nini?" anauliza Mwanaidi wa Majengo,
muuza vitumbua. "Mtu akilia bila kusema kafiwa na nani,
mimi nitampaje pole?"

Mwenye bucha Kiborloni kaandika nyuma ya risiti:
"Lile zeze la jana limelia kama ng'ombe
aliyeshajua. Rudia kesho."
Sikujua ni droo gani.
Risiti iko mezani hadi leo, chini ya kikombe.

Mwalimu Apaikunda anataka majina yatamkwe sawasawa.
Dereva wa lori la sukari anataka ngoma.
Kijana wa duka la simu anauliza kama tumefilisika.
Muuguzi wa zamu ya usiku: "Punguzeni tarumbeta,
ndio kwanza tunafumba macho."
Na yule asiye na jina, mwandiko uleule kila wiki:
"Mnajidai Wazungu."
Sijidai. Babu yangu alipuliza tarumbeta kanisani Mwika
miaka arobaini, midomo ikaota sugu,
na mtori ulimsubiri jikoni mpaka amalize.

Lakini saa moja na robo ni matangazo ya vifo.
Hapo hakuna ubishi. Popote fidla ilipofika,
hata kama imeinua mguu kuvuka,
naishusha, nasoma: jina, ukoo,
siku ya mazishi, mahali basi litakapoondokea.

Kwa hilo Mzee Ndewirwa wa Uru
alituandikia barua kumi na tisa,
wino wa bluu, mistari imetulia kama maji ya mfongo.
"Jana mmekata tena. Ilibaki pumzi moja.
Mgeni hapokonywi kata ya mbege ikiwa mdomoni.
Wafu hawana haraka. Nayasema haya
nikiwa jirani yao kwa umri."
Nikamjibu: Mzee, wenye haraka ni walio hai,
wana basi la kuwahi.
Akajibu kwa maneno mawili:
"Basi lisubiri."

Jumanne bintiye, Shose, akaja na karatasi
na noti zilizokunjwa nne nne, zina joto la mkono.
Nililisoma jina mara mbili.
Saa moja na dakika kumi na tatu.
Hewani wapiga nyuzi wanne, sehemu ya tatu, ile ndefu,
wanaongea taratibu
kama ndugu wanaogawana kihamba bila kugombana.

Mkono wangu ulikuwa kwenye swichi.
Miaka sita, unaijua njia.
Robo ikapita. Na moja. Na mbili.
Mkuu wa kituo akachungulia kiooni, akanionyesha saa yake.
Nikamwonyesha karatasi.
Na nne. Na tano.
Uzi wa mwisho ukakawia, ukaisha wenyewe,
haukusukumwa na mtu.
Nikaacha kimya kidogo, kama alivyoomba
katika barua ya saba.
Kisha nikamsoma.

Simu zikaingia tatu.
Mwanaidi: "Leo nimeelewa kidogo."
Wa pili alipumua tu, akakata.
Wa tatu ni mpwa wa marehemu, yuko Pasua, ana hasira:
alikuwa amekaa na viatu miguuni
akingoja kusikia basi linaondokea wapi,
na alipofika lilikuwa limeshaondoka.

Nimeyaandika maneno yake yote, hata lile tusi,
nikayatia droo ya chini.
Nimeisukuma kwa goti.
Haifungi.