Kwa Mhakiki wa Pili

Mwaka jana uliniandikia mistari miwili.
Wa kwanza ulisema lugha yangu inapita.
Wa pili: "Mwendo huu hauaminiki.
Binadamu hatembei hivi."

Nilikuwa Uyole, chumba cha uani,
blanketi mabegani, Juni, ukungu umeshuka
mpaka kwenye kamba ya nguo.
Nikausoma mara tatu, nikafunga kompyuta,
nikaenda kumenya viazi.

Sikiliza, basi. Haya hayaenei kwenye kurasa nane.
Yule unayemwona, kiunzi cha vijiti na vifundo,
ni shangazi yangu Subilaga wa Isyonje,
na kichwani ana debe la viazi.
Nilimbandika vipande arobaini na kimoja vya plasta nyeupe,
shingo, bega, nyonga, kifundo cha mguu.
Akajitazama, akacheka: "Umenigeuza kanga,
na sisemi ya kuvaa."
Akasokota ngata, akatwikwa, akateremka
njia ya utelezi iendayo barabarani,
simu mbili za kuazima zikimfuata.

Shingo haikucheza.
Hilo ndilo ulilolikataa, nadhani.
Chini yake kila kitu kinajadiliana:
goti linalegea kabla jiwe halijateleza,
kisigino kinaiuliza ardhi ndipo kiiamini.
Juu, kimya. Ungeweza kutua kikombe cha chai.
Programu zenu humfundisha mtu kutembea mikono mitupu,
sakafuni,
halafu humvisha mzigo kama kofia.
Mimi nimeanza na mzigo. Ukurasa wa tatu, mlinganyo wa nne:
mwili ni kile ambacho debe limeruhusu.

Mwaka huu nimetii masharti yote.
Mwandishi asijulikane: nikafuta Atuganile.
Mahali pasijulikane: nikafuta Isyonje, nikaandika
"eneo la miinuko."
Nikafuta shukrani, yaani nikamfuta shangazi,
akabaki "mshiriki wa kike, miaka hamsini na minane."
Ngata sikuifuta. Sikupata neno lenu.

Mwisho wa kupokea makala: saa sita kasoro dakika moja usiku,
kwa saa za mahali fulani baharini asikoishi mtu.
Nilihesabu kwa vidole. Kwetu ni kesho yake,
saa tisa kasoro dakika moja, mchana kweupe.
Saa nane na nusu umeme ukakatika.
Nikaunganisha simu, bando la buku,
nikasimama juu ya tofali kando ya tangi la maji
ambako mtandao hushika,
video ikipanda kwa mwendo wa maharusi kuingia ukumbini:
tisini na tatu, tisini na tatu, tisini na tatu,
tisini na saba.
Imepokelewa. Namba 413.

Jumamosi shangazi alishuka na viazi, nikamwonyesha.
Alitazama mpaka chai ikapoa.
"Mbona hafiki?"
Nikamweleza: hatua ni zilezile kumi na mbili,
zikiisha zinarudi mwanzo.
"Tangu lini?"
"Tangu Machi."
"Na debe kichwani?"
Akaiweka chai chini.
"Mtue, mwanangu. Mtue kwanza,
hayo mengine mtaongea."

Nimejaribu. Kwa kiunzi kimoja haiwezekani:
debe lililojaa, ukijitua peke yako unamwaga.
Anatakiwa mtu wa kusimama mbele yake,
mikono juu, magoti yakilegea pamoja na yake.
Huyo sijampima bado.
Nimemtaja mwishoni, sentensi moja tu, kwenye kazi zijazo.
Ukifika hapo, usiruke.