Nukta za Baba

Wamembandika vishanga vinavyong'aa:
nyonga, magoti, vifundo, visigino.
"Tembea, Bwana Veikko," asema Outi,
na kamera kumi zafumbua macho.

Kwenye skrini hana uso, hana mvi,
hana sweta aliyofuma mama.
Ni nukta tu, zinajikokota gizani
kama vimulimuli vilivyochoka.

Katikati ya chumba anaganda.
Miguu imesahau zamu yake.
Outi anachora mstari wa chaki sakafuni;
baba anauruka kama mtaro.

"Mkono wa kushoto haupungi," yasema ripoti.
Haujapunga tangu nizaliwe:
miaka thelathini ulibana mkoba wa barua
kwenye theluji ya Turku.

Hilo, Outi, lifute.
Hapo ndipo nilipomtambua.